Nililinywesha Lori Kombe, Sasa Dereva Yuko Mahakamani

Mpendwa Bi Tunu,

Shikamoo. Safu yako naisoma kila Jumapili, na nikiri kwamba wengi wanaokuandikia nimewahi kuwacheka, nikisema hivi kweli mtu mzima na akili zake anajiingiza katika mambo kama haya, na leo zamu imekuwa yangu na sina hamu ya kumcheka mtu, kwa sababu tangu siku nilipoona ile chupa ya kioo juu ya meza ya mkaguzi sili wala silali, nikipika naunguza, na mume wangu anadhani nina malaria na ameshaninunulia vidonge.

Mimi ni mama wa watoto wanne, kwetu Temeke, nimeolewa Manzese. Mume wangu Faraji alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma, walipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa, na wakati wenzake mafao yao yanaishia kwenye mabati na harusi yeye akasema anataka lori, tena si lori la mnada, lori jipya ambalo viti vyake bado vina nailoni, na tukauza hata kiwanja chetu cha Goba ili litimie. Hiyo ilikuwa Januari mwaka jana. Kampuni iliyotuuzia ni moja ya hizi zilizofunguliwa Barabara ya Pugu baada ya biashara kuwa huria, na lori lilikuja na waranti ya mwaka mmoja, lakini kijana wa mauzo akamwambia Faraji kwamba akiongeza kidogo papo hapo anapata waranti ya nyongeza, miaka mingine miwili, na humo ndani injini yote ni mzigo wao, pampu ya dizeli, nozo zinazopulizia dizeli ndani ya injini, kila kitu, kikifa wanabadilisha wao na wewe unakunywa soda unasubiri.

Karatasi ya waranti hiyo ilikuwa nzuri, Bi Tunu, nene, ina muhuri mwekundu na maua pembeni, na Faraji akaipeleka kwa fundi wa fremu ikatiwa kioo, tukaitundika sebuleni juu ya redio, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai alionyeshwa.

Dereva wetu ni Alfonsi, mtu wa Bukoba, umri wake kama miaka hamsini, Mkatoliki, mpole, aliendesha malori ya shirika lile lile alikokuwa mume wangu, na mke wake Anjelina ni zaidi ya rafiki kwangu, yeye ndiye anayeshona sare za wanangu na nilipojifungua huyu wa mwisho yeye ndiye aliyekaa na mimi hospitali siku tatu, ndugu zangu wakiwa hawajafika.

Sasa naja kwenye kosa. Mwaka 1993 kaka yangu Jabiri, naye dereva, alifia mlima Kitonga kwenye barabara ya Mbeya, breki zilikataa, na tangu lori letu lianze kwenda Mbeya kufuata mchele, Faraji mwenyewe akipanda kila safari kusimamia mzigo, nikisikia honi tu barabarani moyo unaruka. Nikaenda Temeke kwa Mwalimu Abdulrahman aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo, nikamweleza hofu yangu, akaniandikia kombe, zile aya za zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi akanitilia kwenye chupa ya soda, akasema anayesafiri anywe mafunda matatu kabla ya kuondoka.

Lakini nani anywe? Faraji tangu aanze kuhudhuria darasa za mashehe vijana anasema kombe ni uzushi, na kuna siku aliikuta chupa kwa dada yake akaimwaga uani mbele ya watu, kisha akanigeukia mimi, Alfonsi akiwa amekaa pale pale anakunywa chai yake, akasema, "Mama Najat, sikiliza vizuri, na Alfonsi awe shahidi. Siku nikikukuta na kombe mkononi, siku hiyo hiyo unarudi kwenu Temeke, na mie sikufuati ng'o." Alfonsi mwenyewe ni Mkristo, ningeanzaje kumpa anywe? Basi nikakaa peke yangu nikafikiri, na niliona nimefikiri vizuri sana, kwamba kwani anayesafiri hasa ni nani kama si lori, lori likiwa salama si na waliomo watakuwa salama, basi atakayekunywa ni lori.

Lori huondoka Jumamosi alfajiri. Ijumaa mchana Faraji yuko msikitini, Alfonsi amekwenda kula kwa mama ntilie, lori limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, mimi natoka na chupa chini ya kanga, nafungua mfuniko wa tangi, nasema Bismillahi, namimina yote, na ikawa hivyo kila Ijumaa. Naapa Bi Tunu, sikuyahesabu kuwa ni maji. Kwangu lilikuwa kombe, na sikuwahi kufikiria kwamba injini haiwezi kulijua kombe.

Mwezi wa sita lori likafia Mikumi, linagonga na kutoa moshi mweupe, likavutwa mpaka Dar, na kampuni wakabadilisha nozo zote sita bila maneno, Faraji alivyorudi akaibusu ile fremu. Mimi nikasema hii ni hasadi ya majirani, maana Manzese nzima ilikuwa inalitazama lori letu, nikarudi kwa Mwalimu nikamwambia safari zimekuwa nzito, akaanza kunipa chupa mbili kila wiki, na sikumwambia zinakwenda wapi. Lori likatulia miezi tisa, nami nikajipongeza, ingawa Faraji sifa zote alimpa Alfonsi, akisema huyu ndiye dereva wa zamani, kila Jumamosi kabla ya kuwasha lazima aingie chini ya gari, afungue skrubu iliyo chini ya filta na akinge kwenye kopo maji yaliyotuama humo, vijana wa siku hizi hawafanyi hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu nozo zikafa tena. Kampuni wakabadilisha kwa ile waranti ya nyongeza lakini wakasema dizeli yenu si safi, angalieni. Faraji akashuku kuna mtu anainyonya dizeli na kufidia kwa maji, akanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli, funguo mbili, mmoja kwa Alfonsi na mmoja kwenye mtoto wa kabati chumbani kwetu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia kuna adui nikaona chupa mbili hazitoshi, nikaanza kubeba dumu la lita tano la kombe kutoka kwa Mwalimu, nafungua tangi kwa ule ufunguo wa kabatini, nafunga, naurudisha. Ijumaa moja Alfonsi aliwahi kurudi akanikuta nimesimama kwenye tangi na dumu tupu, nikamwambia nafuta tope, akasema, "Pole na kazi, mama," akazunguka upande wa pili akaanza kugongagonga matairi. Wiki iliyofuata alipokuja kuaga aliniambia, "Mama Najat, sie tuombee kwa mdomo tu, inatosha." Nikamjibu amina.

Lori halikumaliza safari nne. Safari hii kampuni wakamleta mkaguzi, Bwana Revelian, akasema hakuna kubadilisha kitu kabla ya kupima. Tukaitwa wote watatu, Faraji akaja na fremu yake ameifunga kwenye shuka, na Bwana Revelian akafungua tangi kwa chini, akakinga kwenye chupa kubwa ya kioo, akaiweka mezani akasema tusubiri. Tukasubiri. Dizeli ikapanda juu, na chini yake yakajitenga maji, vidole vinne, manjano, manjano ya zafarani niliyoinunua mimi mwenyewe na kumpelekea Mwalimu. Wao waliona kutu. Mimi niliona aya, nikakaa juu ya tairi lililokuwa pale bila kujua kama ni chafu.

Bwana Revelian akasema, "Sharti liko nyuma ya karatasi yenu." Faraji akaigeuza fremu, nyuma ni ubao. Fundi mmoja akaleta bisibisi akang'oa misumari, na nyuma ya karatasi tuliyoitundika mwaka mzima na nusu kulikuwa na maandishi yamejaa mpaka pembeni, Kiswahili na Kiingereza, sharti la saba likisema uharibifu unaotokana na maji au uchafu ndani ya dizeli hauhusiki. Mimi nimefika kidato cha nne, Bi Tunu, na sikuwahi hata siku moja kuomba kuona upande wa pili.

Faraji alimgeukia Alfonsi akasema, "Ufunguo unao wewe na mwingine uko kwangu. Maji yameingiaje?" Alfonsi aliitazama ile chupa, akanitazama mimi, akatazama chini. Akasema, "Sijui, bosi." Siku ile ile alipelekwa polisi, akalala ndani siku tatu, sasa yuko nje kwa dhamana ya katekista wa parokia yao na kesi iko Mahakama ya Mwanzo Magomeni, wizi wa dizeli na kuharibu mali, itasikilizwa Jumatatu tarehe 22 mwezi huu. Faraji ameshawaandikia na kampuni kwamba dereva wake ndiye mwizi, akitumaini wakiona hukumu watamhurumia.

Na shahidi ni mimi. Faraji anataka nishike Msahafu niseme kwamba ufunguo wa nyumbani haukuwahi kutoka kabatini.

Anjelina alikuja juzi. Hakukaa, alisimama mlangoni akasema, "Mama Najat, dada yangu, miaka ishirini na sita mume wangu anaendesha, hata boliti ya mtu hajawahi kuchukua. Namwambia sema unalolijua, hataki. Ananiambia tu Mama Najat asisumbuliwe. Sasa mie nimekuja kukusumbua, niambie, ni nini?" Nikamwambia sijui. Nilimtazama usoni, huyu aliyenishika mkono nikijifungua, nikamwambia sijui.

Nikisema, nimeachika na watoto wangu wanne, na lori limekufa kwa mkono wangu. Nikinyamaza, Alfonsi anafungwa. Nimefikiria kusingizia kituo cha mafuta, nimefikiria kuugua siku ya kesi. Niambie la kufanya kwa sababu mimi mwenyewe siyaamini tena mawazo yangu, ukizingatia yaliponifikisha.

Mama Najat, Manzese

*

Mama Najat, marahaba.

Majina yote nimebadilisha, na barua yako nimeomba iruke foleni, ndiyo maana unaisoma leo tarehe 14. Niliianza nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Miaka kumi na moja ninajibu barua za watu katika gazeti hili na nilidhani hakuna tena kitu cha kunifanya niweke kalamu chini. Lita tano! Kila Ijumaa! Nilikwenda kwa fundi wa pampu hapa Kinondoni, nikamuuliza kama jambo la kubuni tu, ingekuwaje mtu akitia maji kwenye tangi la dizeli. Akanieleza vizuri kwamba tundu la nozo ni jembamba kuliko la sindano, na dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya humo, maji yakipita vinakauka, vinashika kutu, vinakufa. Akaniuliza maji kiasi gani. Nilipomtajia akaweka spana chini, akaniuliza kama huyo mtu alikuwa na ugomvi na hilo gari.

Kombe sitakucheka. Mimi mwenyewe nimekuzwa nalo, na marehemu bibi yangu alikuwa na sahani yake ya kazi hiyo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kulia wali. Wanaolikubali na wanaolikataa wana mashehe wao wa kuwauliza, mimi simo. Lakini Mwalimu wako alisema anywe nani? Msafiri. Mwenye koo na mwenye kusema amina. Ulijua fika kwamba ukimwambia linakokwenda atakukataza, ndiyo maana hukumwambia. Na yule kaka yako, Mungu amrehemu, ulisema mwenyewe kwamba breki zilikataa. Mwaka mzima na nusu wa hofu, na barua yako haina hata mstari mmoja unaosema ulimwambia Faraji akapime breki.

Faraji naye asijione msafi. Mkataba haukuandikwa kwa ajili ya ukuta. Nasema na nyie nyote mnaosoma hapa, maana tumeingia zama za kuuziwa waranti na bima na mikopo na kila karatasi ina muhuri mwekundu: geuzeni. Kinachowapa wanakiandika mbele kwa herufi kubwa, kinachowanyima wanakiandika nyuma kwa herufi ndogo. Mkikosa kuelewa mpelekeeni mwalimu wa jirani awasomee kabla ya kutoa senti, siyo baada ya fundi kuja na bisibisi.

Hayo ni madogo. Lililonifanya niweke kalamu chini ni jingine, na naona wewe mwenyewe umeliandika bila kuliona.

Umesema dereva wako alikuwa anakinga lini maji ya filta? Kila Jumamosi. Kwa nini Jumamosi, mama, na siyo Jumatatu au Jumatano? Mtu wa miaka ishirini na sita kwenye usukani anajua filta inakaa na maji kiasi gani ikiwa mambo ni ya kawaida, na huyu kila Jumamosi alikuta kopo limejaa, manjano, huenda bado linanukia marashi. Ile miezi tisa uliyojipongeza, aliyeliokoa lori lako ni yeye, akilala chali chini ya gari akimwaga ulichomimina. Ulipoongeza mpaka dumu, skrubu ikamshinda. Kisha akakukuta tangini na dumu mkononi, ukamwambia tope, akakupa pole, akaenda kugonga matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Kisha akaja kukuomba, kwa adabu ambayo mimi sijui ningeipata wapi, kwamba uwaombee kwa mdomo tu. Ukamjibu amina!

Alfonsi anajua, Mama Najat. Amejua muda mrefu. Na alikuwepo siku mumeo alipotamka kwamba ukikutwa na kombe utarudi Temeke, tena alifanywa shahidi. Sasa jiweke mahali pake. Yeye ni Mkristo, anafanya kazi kwa Mwislamu, aende amwambie bosi wake kwamba mkeo analinywesha gari aya za Kurani? Angevunja ndoa yako na kuonekana anatukana dini ya watu kwa pamoja. Akanyamaza. Pale mbele ya chupa alikutazama, wewe unadhani alikuwa anaomba msaada. Alikuwa anakupa nafasi. Hukuichukua, akasema hajui, na akaenda kulala polisi siku tatu kwa ajili ya ndoa yako. Hata mkewe hamwambii, asije akakusumbua.

Mimi nililia hapo. Natumaini na wewe unalia sasa, ila usilie muda mrefu kwa sababu una siku nane na kazi ni nyingi.

Kusingizia kituo cha mafuta, ondoa kichwani. Huko nako kuna mtu ana mke na watoto. Kuugua siku ya kesi nako ni uongo, ila wa kulala kitandani. Na kushika Msahafu useme ufunguo haukutoka kabatini, hilo sitaki hata kulijadili. Wewe uliyekwenda mpaka Temeke kutafuta aya za kumlinda mumeo, utazishika hizo hizo kumfunga jirani?

Leo, ukimaliza kusoma, usimvamie Faraji. Nenda kwa shehe wa darasa lake, mmoja wa hao vijana anaowasikiliza, nenda na dada yake Faraji, yule aliyemwagiwa chupa, umweleze yote bila kupunguza hata dumu moja. Atakukaripia, vumilia. Kisha mwombe aje nyumbani akae kati yenu wakati unamwambia mumeo, maana kama kuna mtu wa kumwambia Faraji kwamba kumsingizia mtu wizi na kumleta mkewe kutoa ushahidi wa uongo ni makubwa kuliko kombe, ni yeye, siyo mimi wala Mwalimu Abdulrahman. Siwezi kukuahidi kwamba hatatamka neno la talaka. Anaweza. Nakuambia hivyo kwa sababu hukuniandikia nikudanganye. Lakini mwanamke aliyeachwa anarudi kwao na kesho yake anaamka, anachemsha chai. Alfonsi akitoka jela na jina la mwizi, nani atampa ufunguo wa gari tena? Umri wake ni hamsini.

Kesho yake mwende wote wawili polisi mlikoshtaki, na kama hakimu amekwisha kulipokea jalada basi mwende mahakamani, mlalamikaji aseme kwamba hakuna wizi na wewe useme maji yalitoka wapi. Utachekwa. Karani atawaita wenzake waje wasikilize, nakuandaa. Sema tu.

Kampuni nayo iandikiwe barua ya kufuta ile ya kwanza, haraka, kabla mtu hajaifanyia kazi. Nozo hizi mmezikosa, msipoteze nauli kubishana, sharti la saba linawahusu. Lakini mkishikilia uongo wa maandishi mnaweza kuwapa sababu ya kuifuta waranti nzima, na bado ina mwaka mmoja na nusu juu ya vitu vingine vya injini ambavyo hujavinywesha chochote. Ombeni kulipia nozo na pampu kidogo kidogo. Na kabla hata moja haijafungwa, tangi lishushwe, lioshwe, likaushwe juani, mabomba yote yapulizwe, filta mpya. Ufunguo wa kabatini mpe Alfonsi, kama atakubali kurudi. Asipokubali, ni haki yake.

Kwa Alfonsi na Anjelina uende kwa miguu yako. Usimtume shehe, usimtume Faraji, usipeleke sukari na kilo mbili za mchele mbele ili zikufungulie mlango. Anza na Anjelina. Ulimwambia hujui, basi mwambie unajua. Akikufokea, simama. Akifunga mlango, rudi siku inayofuata. Alfonsi ukimkuta usimweleze habari ya kombe, anaijua vizuri kuliko wewe. Mwambie samahani na mwambie asante, yote mawili, na umwambie ndoa yako ni kazi yako, si yake.

Nimebakiza moja, na naliandika hadharani ili usiseme hukuambiwa. Nilipokabidhiwa safu hii niliahidi kuyaficha majina ya wanaoniandikia, na sijawahi kulitoa hata moja. Sikuahidi kumficha mtu asiye na hatia akifungwa. Jumatatu ya tarehe 22, saa mbili asubuhi, nitakuwa Mahakama ya Mwanzo Magomeni, benchi la nyuma. Sura yako siijui, lakini jina halisi la dereva wako ninalo na nitalisikia likiitwa. Barua yako itakuwa kwenye mkoba wangu. Nakuomba, Mama Najat, unifanye nirudi nayo nyumbani bila kuifungua.